Waliobaki na Punda

Nilipokuwa na umri wa miaka 11, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Mpwapwa, nilipewa nafasi ambayo hakuna mtoto mwingine aliyeitaka katika igizo la kanisani. Igizo lilikuwa la Ibrahimu kumtoa Isaka, na mimi nilikuwa mmoja wa wale vijana wawili walioachwa chini ya mlima. Punda alikuwa wa kweli, wa jirani aliyemtumia kubebea maji, na mwisho wa kamba yake niliushika mimi. Ibrahimu akatugeukia, akatamka mstari wake, "Kaeni ninyi hapa pamoja na punda," kisha yeye na Isaka wakapanda kichuguu kilichokuwa nyuma ya mwembe, na macho ya watu wote yakawafuata. Sisi tukabaki. Sikuwa na neno hata moja la kusema. Nakumbuka kamba ilivyopata joto kiganjani, na masikio ya punda yakikung'uta nzi, na jinsi nilivyomtazama mwenzangu nikitaka kujua tufanye nini, naye akanitazama vilevile.

Igizo liliisha kwa furaha. Isaka alishuka ameshikana mkono na baba yake, akina mama wakapiga vigelegele, kwaya ikaanza kuimba. Ilinichukua miaka mingi, nikiwa tayari mwalimu wa fasihi, kugundua kwamba Biblia haisemi hivyo. Mstari wa 19 katika sura ya 22 ya Mwanzo unasema Ibrahimu aliwarudia vijana wake, wakaondoka pamoja mpaka Beer-sheba, Isaka hatajwi. Walipanda wawili, na andiko linamrudisha mmoja. Kama kulikuwa na mtu aliyepaswa kuliona jambo hilo kabla ya wengine wote, ni yule kijana aliyeshika kamba ya punda, ambaye siku ile hakuwa na kazi nyingine ila kutazama njia ya mlimani.

Marabi walikwisha kuliona zamani. Katika midrashi, yaani yale maelezo ya kale yanayoingia kati ya mstari na mstari, wako wanaosema kwamba Isaka alipelekwa kusoma kwa Shemu mwana wa Nuhu. Hata wale vijana wawili hawakuachwa bila majina: mapokeo yanasema walikuwa Ishmaeli na Eliezeri, na kitabu kimoja cha midrashi, kinachoitwa Pirke ya Rabi Eliezeri, kinatueleza walichozungumza. Waligombania urithi. Ishmaeli alisema kwamba Isaka akishateketezwa, yeye mzaliwa wa kwanza ndiye atakayerithi. Eliezeri akamjibu kwamba Ishmaeli alikwisha kufukuzwa nyumbani, na anayestahili urithi ni mtumishi aliyekaa na bwana wake usiku na mchana. (Msomaji Mwislamu atakumbuka kwamba kwake mwana aliyelazwa ni Ismaili, naye anaijua habari hii kwa uzito wa Idi yake mwenyewe.) Niliposoma mabishano hayo kwa mara ya kwanza nilikiweka kitabu chini nikakaa kimya, kwa sababu hayo ndiyo maneno niliyoyakosa siku ile chini ya mwembe.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma tamthilia ambazo Wayahudi wamezitunga kutokana na Biblia yao, na kutazama zile zilizorekodiwa, na kila mara nimejikuta nikimtafuta mtu yuleyule. Nimefikia kuamini kwamba zilizo bora kati yake huingia katika kisa kupitia mtu aliyebaki pembeni, mtu ambaye andiko limempita haraka au halikumtaja kabisa. Sababu iko katika hadhira yenyewe. Mtu anayesikia Torati ikisomwa sinagogi sehemu kwa sehemu, mwaka hadi mwaka, huwezi kumshangaza kwa kumwambia kwamba malaika atauzuia mkono wa Ibrahimu. Analijua hilo tangu utotoni. Linaloweza kumshtua ni mahali unapomsimamisha ili atazame.

Tena jukwaa lenyewe lilikuwa na mashaka makubwa. Zaburi ya kwanza inamsifu mtu ambaye "hakuketi barazani pa wenye mizaha," na Talmudi, mkusanyo mkuu wa mafunzo ya marabi, katika sehemu iitwayo Avoda Zara, inalichukua neno hilo na kulielekeza kwenye majumba ya maigizo na viwanja vya sarakasi vya mataifa. Marabi walikuwa na sababu. Katika dunia ya Warumi maigizo yalikwenda sambamba na sadaka za sanamu, na katika viwanja vile watu walichinjana ili watazamaji wafurahi. Ongeza hapo Kumbukumbu la Torati 22:5, inayomkataza mwanamume kuvaa mavazi ya mwanamke, na ile amri ya kutomfanyia Mungu sura ya kitu chochote, utaona kwamba aliyetaka kuigiza Biblia mbele ya Wayahudi wenzake alilazimika kuzunguka, kama mtu anayeingia nyumbani kwa mlango wa uani.

Mtunzi wa kwanza tunayemjua alizunguka kwa ustadi wa ajabu. Aliitwa Ezekieli, Myahudi aliyeandika kwa Kiyunani yapata karne ya 2 kabla ya Kristo, na wanazuoni wengi humweka Aleksandria. Tamthilia yake juu ya Musa na safari ya kutoka Misri, iitwayo Exagoge, imebaki mistari 269 tu, nayo imetufikia hasa kwa sababu Eusebio, mwanahistoria wa kanisa, aliinukuu. Kichaka kinawaka, na Mungu anasikika kama sauti: Musa anaambiwa kwamba mwanadamu hawezi kuuona uso huo, ila maneno anaweza kuyasikia. Kisha unafika wakati wa bahari kugawanyika, jambo lisilowezekana jukwaani. Ezekieli anafanya walivyofanya watunzi wa Kiyunani, anamwingiza mjumbe asimulie. Mjumbe huyo ni Mmisri aliyenusurika. Sasa, Kutoka 14:28 inasema wazi juu ya jeshi la Farao kwamba hakusalia hata mtu mmoja, na siamini kwamba Ezekieli aliusahau mstari huo. Alimhitaji mmoja abaki hai. Wokovu wa Israeli hadhira yake iliusikia kutoka kinywani mwa adui aliyewaona wenzake wakizama, na ninapousoma leo naona kwamba hakuna Mwisraeli ambaye angeweza kuusimulia kwa hofu ile.

Lakini kama ningepewa nafasi ya kukaa mahali pamoja tu katika historia hii ndefu, ningechagua chumba cha kulia katika nyumba ya Kiyahudi ya Ulaya ya Mashariki, siku ya 14 ya mwezi wa Adari, jua linapokaribia kuzama. Ni sikukuu ya Purimu, ya kukumbuka Wayahudi walivyookolewa siku za malkia Esta. Kitabu cha Esta kimesomwa sinagogi, na kila jina la Hamani, aliyetaka kuwaangamiza, lilipotajwa watu wamekanyaga sakafu kwa vishindo na kuzungusha vyombo vya mbao vinavyokwaruza, ili jina lisisikike. Siku hii sheria hulegea kidogo. Rabi Musa Isserles wa Kraków, katika karne ya 16, aliandika kwamba desturi ya wanaume kuvaa nguo za wanawake siku ya Purimu haina kosa, kwa kuwa nia ni furaha. Basi watu wako mezani, mlango unagongwa, wanaingia vijana kadhaa, wanafunzi wa dini na wanagenzi wa mafundi, wamevaa ndevu za bandia na taji la karatasi. Mmoja anatangulia kama mpiga mbiu, anawaomba wenye nyumba wavute viti nyuma, na mchezo unaanza palepale kati ya meza na jiko. Esta ni kijana ambaye sauti yake imeanza kukomaa. Mfalme Ahasuero jana alikuwa akifagia karakana ya bwana wake, na kesho ataifagia tena. Baada ya muda mfupi wamemaliza, na wanaaga kwa kibwagizo kinachojulikana na kila mtu: leo ni Purimu, kesho imekwisha, tupeni senti yetu mtutoe nje.

Michezo hiyo iliitwa purimshpil, kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki. Matini ndefu ya zamani kuliko zote iliyobaki ya mchezo wa Ahasuero ni ya mwaka 1697, na jambo la kwanza linalomgusa msomaji ni hali ya Mordekai. Yule mzee mwadilifu tunayemheshimu amegeuzwa mchekeshaji, mshenga anayempeleka binamu yake Esta kwa mfalme huku akitoa matani mazito ambayo sitayaandika hapa. Wakubwa wa jumuiya hawakupendezwa. Hata hivyo watu waliyapenda maigizo haya kiasi kwamba Frankfurt, mwanzoni mwa karne ya 18, mchezo wa kuuzwa kwa Yusufu ulipoonyeshwa, umati ulikuwa mkubwa hata ikabidi askari wawekwe mlangoni. Nikiyafikiria haya namwona mwanagenzi aliyevaa taji la karatasi, mbele ya bwana anayemtuma kutwa nzima, katika nchi ambayo wao wote wawili, bwana na mwanagenzi, walikaa kwa hisani ya watawala wengine. Kwa dakika chache alikuwa na amri juu ya majimbo 127.

Kutoka hapo hadi jukwaa la kulipia hapakuwa mbali. Abraham Goldfaden alianzisha kundi la kwanza la kitaalamu la maigizo ya Kiyidi huko Iași, Rumania, mwaka 1876. Mwaka 1883 serikali ya Tsari ikapiga marufuku maigizo ya lugha hiyo nchini Urusi, na waigizaji wakatawanyika hadi London na New York, wakiwabeba Ibrahimu na Isaka wao pamoja na nyimbo zao. Ni sura kubwa ya historia, lakini mimi hunivuta zaidi yaliyofuata katika nchi ambayo visa vyenyewe vilitokea.

Huko Tel Aviv mwaka 1925 Moshe Halevy alianzisha Ohel, kundi la maigizo la wafanyakazi, na mwaka 1928 kundi hilo likaigiza kisa cha Yakobo na Raheli. Waigizaji walifanya kazi za mikono mchana na mazoezi usiku. Ili wajue Yakobo alivyotembea, walikwenda kuwatazama Mabedui wa nchi hiyo na Wayahudi waliotoka Yemeni, wakaiga mavazi yao, mkao wao na namna yao ya kusema. Naiheshimu sana juhudi hiyo, lakini ina jambo linalonisumbua. Bedui aliyetazamwa kama picha ya babu wa mtu mwingine alikuwa ni mtu wa mwaka 1928, mwenye jina lake na mifugo yake na madai yake juu ya ardhi ileile. Jukwaani aliingia kama maleba tu.

Sara Levi-Tanai aliikata njia nyingine. Alizaliwa Yerusalemu, mtoto wa wazazi waliotoka Yemeni, akabaki yatima akiwa mdogo, akawa mwalimu wa watoto wa chekechea. Mwaka 1949 alianzisha kundi la ngoma na maigizo la Inbal pamoja na vijana wa asili ya Yemeni. Mienendo ambayo Ohel waliiendea kama wageni, hawa walikuwa nayo magotini na mabegani, kutoka arusini na kutoka sala za baba zao. Mwaka 1961 walitoa ngoma ya Ruthu. Ruthu ni mwanamke wa Moabu, mgeni anayeokota masazo nyuma ya wavunaji, na kumweka katika miili ya watu waliokuwa wamefika nchini juzijuzi, wakiishi kambini na kudharauliwa kwa lafudhi yao, kulisema jambo ambalo hakuna hotuba ingeweza kulisema. Levi-Tanai alipewa Tuzo ya Israeli mwaka 1973.

Sasa nije kwa mtu ninayempenda kuliko wote. Itzik Manger alizaliwa Czernowitz mwaka 1901, mwana wa fundi cherehani, na mwaka 1936 alichapisha Warsaw mashairi ya Kiyidi juu ya kitabu cha Esta. Shushani wake, mji wa mfalme katika kitabu hicho, unafanana na mji mdogo wa Kiyahudi wa Ulaya ya Mashariki, na mfalme wake anafanana na mwenye shamba mlevi. Kati ya majina ya zamani Manger amempachika mtu mpya, mwanagenzi wa fundi cherehani aitwaye Fastrigosa. Jina hilo limetoka katika neno la mafundi wa Kiyidi la kupiga bandi. Fundi yeyote wa Kariakoo anajua bandi ni nini: ni mshono mrefu wa muda, wa kukishikilia kitambaa kisiteleze, na mshono wenyewe ukishapita, uzi wa bandi huchomolewa na kutupwa. Fastrigosa alimpenda Esta kabla mfalme hajamwona. Anampoteza, anajaribu kumuua mfalme, ananyongwa. Wayahudi wanaokolewa, sikukuu inatangazwa, na katikati ya shangwe hizo mama yake anawasha mshumaa wa kumkumbuka mwanawe ambaye gombo la Esta halimjui.

Nimesoma kitabu cha Esta mara nyingi tangu nilipomjua Fastrigosa, na siwezi tena kuupita ule mstari ambao wasichana wanakusanywa kupelekwa katika nyumba ya mfalme bila kujiuliza nani alibaki mlangoni akiwatazama wakienda. Manger hakuuhalifu mstari hata mmoja wa andiko. Alipiga bandi mahali ambapo kitambaa kilikuwa wazi.

Miaka michache baada ya mashairi hayo kuchapishwa, wasomaji wake wengi waliuawa, na mji aliouchapishia ukawa magofu. Mwaka 1965, huko Jaffa, familia ya Burstein, waigizaji wa Kiyidi kwa vizazi, iliyaigiza mashairi hayo chini ya uongozi wa Shmuel Bunim, kwa muziki wa Dov Seltzer. Ilikuwa ni kwa Kiyidi, lugha iliyowahi kuwekewa vizuizi jukwaani katika miaka ya mwanzo ya dola la Israeli kwa kuhofiwa kwamba itaizuia Kiebrania kukua. Vijana waliokulia katika Kiebrania walijaa ukumbini, na mwaka 1968 mchezo ukafika Broadway, kwenye majumba makubwa ya maigizo ya New York. Wale mafundi cherehani waliokuwa wakigonga milango ya watu siku ya Purimu walirudi kwa njia hiyo, wakisema lugha yao wenyewe, mbele ya watoto wa waliowaacha.

Hanoch Levin hakuwafurahisha watu namna hiyo. Mwaka 1970, mapigano na Misri yakiendelea kwenye Mfereji wa Suez na vijana wakizikwa kila wiki, jumba la maigizo la Cameri la Tel Aviv lilionyesha mchezo wake wa vichekesho vikali uitwao Malkia wa Bafu. Mna onyesho moja la Ibrahimu na Isaka. Isaka anaisikia sauti ya malaika, baba haisikii, na baada ya kisu kurudishwa mwana anauliza: wakitokea baba wengine watakaotakiwa kuwachinja wana wao, nani atawaokoa? Unafuata wimbo wa mwana aliyekufa, anayemsihi baba asisimame kaburini kwa kiburi wala asijihesabu kuwa ndiye aliyetoa sadaka. Watu walipiga kelele ukumbini, na mchezo ukaondolewa baada ya maonyesho 19. Nawaelewa wale waliopinga. Mzazi aliyemzika mwanawe jana hawezi kuusikia wimbo huo kama ninavyousikia mimi niliyekaa mbali. Lakini swali la Isaka limetoka ndani ya sura yenyewe, katika ule mstari wa 19 unaomrudisha baba peke yake, na Levin alikuwa na ujasiri wa kuliuliza wakati ambapo jibu lake lilikuwa likibebwa kwenye majeneza.

Mwaka 1981 alimgeukia Ayubu. Sisi tunaomjua Ayubu kwa Biblia au kwa utenzi wake wa kale wa pwani tumezoea subira inayolipwa: mali inarudi, watoto wanazaliwa tena. Kwa Levin hakuna kinachorudi. Askari wa Kaizari wanataka watu wamkane Mungu, rafiki za Ayubu wanakana, yeye anakataa na kutundikwa juu ya mti uliochongwa. Kisha anaingia mwenye sarakasi, anaununua ule ufaji na kuutangaza kama onyesho. Hapo mtazamaji anatambua kwamba yeye mwenyewe ndiye mtu wa pembeni katika kisa hiki, kwamba amekata tiketi na kukaa. Marabi walioweka maigizo na sarakasi katika baraza moja ya wenye mizaha wamejibiwa na mtu wao mwenyewe, jukwaani, kwa ushahidi unaowaunga mkono.

Baada ya ukali huo, kazi ya Rina Yerushalmi na kundi lake la Itim inapumzisha bila kubembeleza. Mwaka 1996 alitoa mchezo ambao maneno yake yote ni ya Biblia, hakuna lililotungwa, yakisemwa na waigizaji waliovaa nguo za leo. Jina lake ni vitenzi viwili: Akasema. Akaenda. Hapa lugha yetu ina bahati. Kiebrania cha Torati husukuma habari mbele kwa vitenzi vinavyofuatana, kila kimoja kikishika mkia wa mwenzake, na sisi tunayo "-ka-" inayofanya kazi hiyohiyo: akaamka, akatandika punda, akachanja kuni, akaondoka. Hakuna anayesema alivyojisikia. Yerushalmi aliuachia mwili wa mwigizaji ubebe yale ambayo vitenzi vimeyanyamazia, jinsi bega linavyogeuka kati ya "akaamka" na "akatandika."

Mlango wa mwisho ninaotaka kuutaja ulifunguliwa na wanawake. Katika Gush Etzion, kwenye makazi ya Waisraeli katika Ukingo wa Magharibi, tangu mwaka 2001, wakati wa Intifada ya pili, yaani maasi ya Wapalestina, kundi la Raise Your Spirits limekuwa likiigiza visa vya Biblia kwa nyimbo, waigizaji wote wanawake na watazamaji wote wanawake, kwa kuwa wengi wao hushika ile sheria inayomzuia mwanamke kuimba mbele ya wanaume. Wameigiza Esta, Ruthu na Debora. Boazi ni mama mwenye ndevu za bandia. Kijana wa Purimu aliyevaa gauni la Esta amepata mwenzake upande wa pili, baada ya mamia ya miaka.

Mwaka jana vijana wa kanisa letu waliniomba niwasaidie kuandaa igizo la Ibrahimu. Tulipata punda. Kamba alipewa msichana wa miaka 12, naye katika mazoezi ya kwanza akaniuliza, "Mwalimu, wakishaondoka mimi nifanye nini?" Nikamwambia asiyaondoe macho mlimani, na awahesabu wanaoshuka. Nilizungumza na mzee wa kanisa, tukafungua sura ya 22 pamoja, akausoma mstari wa 19 mara mbili kwa sauti, kisha akasema tuigize kama ulivyoandikwa.

Siku ya igizo Ibrahimu alishuka peke yake. Yule msichana akasimama, akamtazama, akaangalia nyuma yake, akaangalia tena, na kamba ikalegea mkononi. Akina mama walikwisha kuinua viganja kwa ajili ya vigelegele, wakabaki wameviinua.